Diski Kubwa ni za Wenye Diski Nyingi

Anayenunua diski za kituo cha data hupewa karatasi ya vipimo, na macho yake huenda moja kwa moja kwenye namba mbili. Ya kwanza ni ujazo: terabaiti 20, 24, siku hizi hata 30. Ya pili ni ile inayoandikwa kwa kujivunia, saa milioni 2.5, ambazo ni wastani wa muda kabla ya hitilafu. Mwenye haraka huzigawa saa hizo kwa saa 8,760 za mwaka, akapata miaka 285, akasaini. Namba hiyo si ya uongo, ila haisemi anachodhani inasema. Hakuna diski itakayofika miaka 285; dhamana yenyewe huishia mwaka wa 5. Maana yake halisi ni kwamba ukiwasha diski 1,000 usiku na mchana, tarajia tatu au nne zife kila mwaka, yaani asilimia 0.35.

Hata hiyo asilimia 0.35 ni ya maabara. Mwaka 2007 Bianca Schroeder na Garth Gibson wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walichapisha hesabu ya diski takriban 100,000 zilizokuwa kazini. Walikuta kwamba zinazobadilishwa kwa mwaka mara nyingi ni asilimia 2 hadi 4, na mahali pengine zilifika 13. Walikuta pia jambo lililowaudhi wauzaji: diski za bei ya juu, zilizouzwa kwa jina la uimara, hazikuonyesha tofauti kubwa na zile za bei nafuu. Kampuni ya Backblaze ya California, ambayo tangu 2013 hutangaza hadharani diski zake zinavyokufa, iliandika asilimia 1.01 kwa mwaka 2021, 1.70 kwa 2023 na 1.57 kwa 2024. Katika hesabu zangu hapa nitatumia 1.5.

Ila kifo cha diski si habari kubwa tena. Kila mtu mwenye akili timamu amezipanga katika makundi ya RAID, mpango uliopewa jina hilo mwaka 1988 na David Patterson, Garth Gibson huyohuyo na Randy Katz kule Berkeley, ambapo diski moja ikifa zilizobaki huweza kukokotoa upya kilichokuwamo. Swali lenye uzito ni ukokotoaji huo unachukua muda gani, na huo muda haumo kwenye karatasi ya vipimo. Ndio unaofunga pamoja ujazo, upozaji na uimara, vitu vitatu ambavyo katika vikao vya manunuzi hujadiliwa kana kwamba kila kimoja kina bajeti yake.

Tuchukue mfano wa mtu anayetaka karibu petabaiti 1 ya nafasi ya kutumia. Akizipanga diski kumikumi, nane za data na mbili za kinga, anaweza kununua diski 120 za terabaiti 10 au diski 40 za terabaiti 30. Kote atapata terabaiti 960. Diski moja ikiwa kazini hula kama wati 9, iwe kubwa au ndogo, kwa hiyo kundi la kwanza linakula wati 1,080 na la pili 360. Tofauti hiyo ya wati 720 kwa mwaka mzima ni zaidi ya uniti 6,300 za umeme, kabla hujalipia kiyoyozi cha kuondoa joto lake. Kwa asilimia 1.5, kundi la kwanza litazika karibu diski 2 kwa mwaka, la pili halifiki hata moja. Nafasi kwenye raki ni theluthi moja. Ukiishia hapo kesi imekwisha, na wengi huishia hapo.

Upande wa pili wa shilingi ni kasi. Diski ya kwanza ya terabaiti 1, ya Hitachi, ilitoka mwaka 2007 na ungeweza kuijaza yote kwa saa tatu na ushee. Diski ya terabaiti 30 ya leo huandika megabaiti kama 275 kwa sekunde, na kuijaza huchukua saa 30. Hizo ni saa za ndoto, maana kasi ya 275 hupatikana kwenye ukingo wa nje wa sahani tu. Kadiri kichwa kinavyoelekea katikati, inashuka. Ongeza kwamba mfumo unaendelea kuhudumia wateja wakati huohuo, na saa 30 zinageuka siku tatu, nne, hata wiki.

Sababu ni ya kimaumbile, wala hakuna wa kulaumiwa. Sahani zinazunguka mara 7,200 kwa dakika, kasi ileile iliyoletwa na Seagate Barracuda ya mwaka 1992. Watengenezaji huongeza ujazo kwa kubananisha njia za kuandikia na kwa kuongeza sahani, ambazo sasa ni 10 au 11 ndani ya diski moja, lakini kwa kawaida kichwa kinachosoma au kuandika kwa wakati mmoja ni kimoja. Njia zikiongezeka, kichwa kina njia nyingi zaidi za kupita, basi. Usomaji wa hapa na pale ni mbaya zaidi: mzunguko mmoja ni milisekunde 8.3, na ukijumlisha muda wa mkono kusogea, diski haimalizi zaidi ya maombi 80 hivi kwa sekunde. Diski 120 zitakupa 9,600, na 40 zitakupa 3,200. Nimeona watu wakishangaa kwa nini hifadhi mpya yenye terabaiti zilezile ni nzito kuliko iliyostaafishwa. Wamenunua ujazo wakauza mikono.

Sasa hatari ya hizo saa 30. Diski moja imekufa, tisa za kundi lake zinakokotoa. Uwezekano wa nyingine kufa katika muda huo, kwa hesabu ya kawaida, ni kama 1 kwa 2,000. Ni mdogo kiasi cha kumfanya mhasibu atabasamu. Lakini kuna hesabu ya pili, ya makosa madogo ya usomaji. Karatasi za vipimo za diski za kampuni huahidi kosa moja lisilorekebishika kwa kila biti 10 kwa kipeo cha 15, sawa na terabaiti 125. Kukokotoa diski ya terabaiti 30 katika kundi letu kunahitaji kusoma terabaiti 240. Kwa maandishi hayo, tarajia makosa mawili hivi. Kwa kweli diski nyingi hufanya vizuri kuliko zilivyoandikiwa, ila mtu hapangi benki kwa bahati. Ndiyo maana kinga ya diski moja, ile RAID 5 iliyotosha miaka ya terabaiti 1, haifai tena kwa diski hizi, na yeyote anayeipendekeza leo aulizwe mara mbili.

Kisha kuna dosari iliyojificha ndani ya ile 1 kwa 2,000: inachukulia kwamba kila diski hufa kivyake. Schroeder na Gibson walionyesha kwamba sivyo, vifo hufuatana. Diski zilizo katika kundi moja mara nyingi zimetoka kiwandani wiki moja, zimewashwa siku moja, zinapumua hewa moja na kutikiswa na feni zilezile. Mfano mkali kuliko wote ni wa hifadhi zisizo na sahani. Novemba 2019 kampuni ya HPE ilionya kwamba baadhi ya diski zake za SSD, kwa kosa la programu iliyomo ndani yake, zingezimika moja kwa moja zikifikisha saa 32,768 za kazi, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8. Namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 15, kihesabio kilijaa. Kundi lililowashwa pamoja lingekufa pamoja, na RAID ingebaki kuangalia.

Hewa ya pamoja ndiyo inayotuleta kwenye upozaji, na hapa imani za chumba cha seva zimepitwa na ushahidi. Kwa miaka mingi mafundi walirithishana kanuni kwamba kila nyuzi 10 za joto hupunguza nusu ya maisha ya kifaa, basi chumba kikapozwa mpaka watu wanavaa makoti. Mwaka 2007 Eduardo Pinheiro, Wolf-Dietrich Weber na Luiz André Barroso wa Google walitazama diski zaidi ya 100,000 na hawakuikuta kanuni hiyo. Diski zilizokaa kwenye ubaridi ndizo zilizokufa zaidi. Joto lilianza kuonekana kuwa adui pale tu lilipovuka nyuzi 45, na hasa kwa diski zilizozeeka. Watafiti wa Microsoft, kwa takwimu zao wenyewe, baadaye waliona uhusiano wa joto na vifo ulio wazi kuliko huo, kwa hiyo suala hilo halikufungwa. Lakini hakuna utafiti hata mmoja kati ya hizo uliotetea chumba cha nyuzi 16. Shirika la wahandisi wa upozaji la Marekani, ASHRAE, limependekeza nyuzi 18 hadi 27 kwa hewa inayoingia kwenye seva tangu 2008, na bado ni kawaida kukuta vyumba ambako mtu hujisifu kwa 18.

Utafiti unaotuhusu zaidi sisi wa pwani ulitoka mwaka 2016, tena Microsoft, ukitazama diski zaidi ya milioni 1 katika vituo tisa, vingine vikipozwa kwa hewa ya nje. Jibu lilikuwa kwamba unyevu wa hewa ndio unaoua kuliko joto. Na haukuua sahani wala vichwa. Uliua saketi ya kidhibiti na viungio. Waliona pia kwamba diski zilizowekwa nyuma ya seva, mahali penye joto zaidi, zilinusurika zaidi na unyevu huo.

Hilo la mwisho linaonekana kama kichekesho mpaka ulipigie hesabu. Chukua hewa ya asubuhi ya Dar es Salaam au Mombasa, nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 80. Ipitishe kwenye vifaa vya moto mpaka ifike nyuzi 35 bila kuongeza wala kupunguza maji yaliyomo, na unyevu wake unashuka hadi kama asilimia 45. Hewa imekuwa ya moto zaidi na salama zaidi kwa saketi. Kinyume chake ni chumba kilichopozwa mno ambacho umeme unakatika: jenereta inabeba seva, kiyoyozi kinachelewa, mlango unafunguliwa, na hewa ya bahari inaingia kugusa chuma baridi. Fedha inayotumika kushusha chumba kutoka nyuzi 24 hadi 18 ingefanya kazi zaidi kwenye kuondoa unyevu na kwenye kukihakikishia kiyoyozi umeme wakati wa jenereta. Nairobi shida ni nyingine: mita 1,795 juu ya usawa wa bahari hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 17, na feni lazima zisukume ujazo wa hewa zaidi kwa kiasi cha asilimia 20 ili kubeba joto lilelile.

Feni nazo zina gharama yake. Makasha ya kisasa hupanga diski 60, 84 au 102 zikiingizwa kutoka juu, safu nyuma ya safu, katika kimo cha sentimita 18 hadi 22. Hewa inayofika safu ya mwisho imekwisha pashwa na zilizotangulia. Njia rahisi ni kuongeza mzunguko wa feni, lakini umeme wa feni hupanda kwa kipeo cha tatu: kasi ikiongezeka kwa asilimia 20, umeme unaongezeka kwa zaidi ya 70. Na feni yenye kasi inatikisa. Kichwa cha diski huelea nanomita chache juu ya sahani na kinatakiwa kukaa juu ya njia nyembamba mno. Mtetemo ukikitoa kwenye njia, kinasubiri sahani izunguke tena. Desemba 2008 Brendan Gregg, wakati huo yuko Sun Microsystems, alirekodiwa kwenye video akizipigia kelele diski kwa mdomo wake, na grafu ya ucheleweshaji ikaruka palepale. Kuna waliocheka. Septemba 10, 2016, kituo cha data cha benki ya ING mjini Bucharest kilifanya jaribio la mfumo wa kuzima moto kwa gesi. Mlio wa gesi ikitoka kwenye pua za mabomba uliharibu diski kadhaa, na wateja wakakaa kama saa 10 bila kadi wala mashine za fedha. Mwaka 2018 soko la hisa la Nasdaq upande wa Nordic lilisimama kwa saa kadhaa kwa sababu ya aina hiyohiyo. Kwa hiyo kasha linalosifiwa kwa kupoza vizuri liulizwe linapoza kwa kelele kiasi gani. Western Digital, kwa mfano, katika makasha yake ya diski 60 na 102 huleta hewa mpya katikati ya kasha badala ya kuongeza nguvu ya feni, na hilo ni jibu la kihandisi ninaloliheshimu kuliko tangazo lolote la terabaiti.

Heliamu ni mojawapo ya mahali pachache ambapo ujazo na upozaji vimesaidiana badala ya kugombana. Gesi hiyo ina takriban moja ya saba ya uzito wa hewa, hivyo sahani zinazunguka bila kusuguana nayo sana. Kampuni ya HGST ilipotoa diski ya kwanza ya namna hiyo Novemba 2013, Ultrastar He6, iliweza kutia sahani 7 badala ya 5 na, kwa maelezo yake, kupunguza joto kwa nyuzi 4 hadi 5. Diski hizo zimezibwa kabisa, na muuzaji atakuambia kwamba basi unyevu haukuhusu. Ukumbuke utafiti wa 2016: kilichokuwa kinakufa ni saketi, na saketi iko nje ya ule mfuniko.

Teknolojia iliyofuata imeingiza joto ndani kwa makusudi. Diski za Seagate za Mozaic, zilizotangazwa Januari 2024, zina leza kwenye kila kichwa ambayo hupasha nukta ya sahani zaidi ya nyuzi 400 kwa muda wa nanosekunde, ili chembe za chuma na platinamu zikubali kuandikwa. Nukta ni ndogo na inapoa mara moja, kwa hiyo chumba hakioni tofauti. Ila leza na kichwa ni vitu vipya vya kuchakaa, na rekodi ya miaka mitano ya diski hizo kazini bado haijatimia. Asiye na haraka hapungukiwi na kitu akisubiri.

Njia nyingine ya kuongeza ujazo, ya kuandika njia zikilaliana kama makuti ya paa, inastahili onyo fupi. Kubadilisha njia moja kunalazimu kuandika upya zilizo juu yake, na ukokotoaji wa RAID ndio kazi inayoumiza mpangilio huo kuliko zote. Mwaka 2020 Western Digital ililazimika kukiri kwamba baadhi ya diski zake za Red, zilizouzwa kwa ajili ya hifadhi za ofisi, zilikuwa za aina hiyo bila kuandikwa. Zinafaa kwa kumbukumbu zisizoguswa, na kwa kampuni kubwa zenye programu zilizoandikwa kwa ajili yake. Kuhusu SSD, kampuni ya Solidigm ilitangaza moja ya terabaiti 122 mwishoni mwa 2024 na inazishinda sahani kwa kila kitu isipokuwa bei ya terabaiti, ambayo bado ni kubwa mara kadhaa. Kwa petabaiti ya picha za hospitali au rekodi za kamera, mjadala unarudi kwenye sahani.

Nani basi anazihitaji diski za terabaiti 30? Turudi kwenye saa 30. Muda huo hutokana na desturi ya kuandika kila kitu kwenye diski moja ya akiba. Mifumo mipya hutawanya nafasi ya akiba kwenye diski zote, ili zote zisome na zote ziandike. Mfumo wa hifadhi wa OpenZFS umekuwa na mpango huo, dRAID, tangu toleo la 2.1 la mwaka 2021, na Backblaze hugawa kila faili vipande 20 kwenye mashine 20, vya data na vya kinga. Katika mfano wetu, diski 40 za terabaiti 30 zikigawana kazi zinaweza kushusha saa 30 hadi kama 7. Lakini diski 120 za terabaiti 10 zikifanya hivyohivyo humaliza kwa chini ya saa 1. Mwenye diski 10,000 hajali ukubwa wa diski moja, kwani zipo maelfu za kumsaidia. Diski hizi zimetengenezwa kwa ajili yake. Anayenunua 12 kati ya hizo na kuzipanga kwenye kasha moja anapata ujazo wa diski kubwa bila jeshi la kuzisaidia.

Na wengi wetu ni wa 12, au 60. Sheria ya ulinzi wa data ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022 zimeweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje, na benki, hospitali na vyuo vinajijengea hifadhi za ukubwa wa kati nyumbani. Kwa petabaiti yangu ya mfano nisingechukua 120 wala 40. Diski 80 za terabaiti 16, kwa kazi iliyotawanywa, hukokotoa upya kwa kama saa 2, na zinakula wati 720. Ningelipia hizo wati za ziada kwa kuacha chumba kiwe nyuzi 25 na kutunza unyevu chini ya asilimia 60. Diski ningezinunua kwa makundi mawili au matatu ya tarehe tofauti za kiwandani. Tena ningenunua za kubadilishia siku ileile, nne au tano, zikae stoo, maana hesabu zote hizi zinadhani kwamba diski mpya ipo karibu, na ile inayosubiri kupita forodhani huongeza kwenye saa 2 hizo wiki nzima ya kukaa na akiba pungufu.